Kulipia kipimo cha malaria dukani: maswali ya wateja na wauzaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kaunta za maduka ya dawa muhimu, kuanzia Mwanjelwa na Uyole hadi Rujewa, Makambako na Ipogolo. Mengine ni ya wateja, mengine ya wauzaji wenyewe wakikutana kwenye mafunzo au kwenye foleni ya duka la jumla. Yanayohusu hela ni mengi kuliko yanayohusu damu. Anayejibu ni muuza dawa, kwa hiyo usishangae akitetea kaunta hapa na pale.

Najua mwili wangu. Viungo vinauma, kichwa kinagonga, mdomo mchungu. Kwa nini nilipie kipimo badala ya kununua mseto, dawa ya malaria, moja kwa moja?

Dalili ulizotaja ni za malaria kweli. Ni za mafua makali pia, za nimonia inayoanza, za UTI, za homa ya matumbo, hata za brusela anayoipata mtu kwa kunywa maziwa mabichi. Hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa kumwangalia mgonjwa usoni, hata daktari bingwa.

Halafu angalia unapoishi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa 1,500 na ushee, Njombe inakaribia 2,000. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Penye baridi kinachelewa mno, na mbu anakufa kabla hajawa na cha kuambukiza. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta wastani wa nchi ni watoto 7 wenye vimelea katika kila 100 wa chini ya miaka mitano. Iringa na Njombe hawakufika hata mtoto mmoja kwa 100. Sasa ukiwa Kihesa na homa ya Julai, ukaniambia una uhakika ni malaria, nitakusikiliza kwa heshima zote, ila mimi ningeanza kuwaza kifua.

Hiyo tabia ya kumeza kwanza haikuanza kwa ubishi wa watu. Sisi wa afya ndio tuliyoifundisha. Kwa miaka mingi maelekezo yalikuwa mtoto akichemka apewe dawa ya malaria, basi. Ilikuwa klorokwini hadi 2001, ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kipimo cha haraka kilipokuwa kimeshapatikana kwa wingi. Bibi aliyelea wajukuu kwa klorokwini alifuata alichoambiwa kliniki. Maelekezo ndiyo yaliyobadilika, na hakuna aliyempitia nyumbani kumwambia.

Kipimo kinakaribia bei ya dawa. Si bora hela yote iende kwenye dawa?

Tupige hesabu kwa mfano tu, maana bei za duka hili na lile hazilingani. Tuseme kipimo ni shilingi 1,500 na dozi ya mseto ya mtu mzima ni 3,000. Ukinunua dawa bila kupima umetumia 3,000. Ukipima na ukakutwa na malaria umetumia 4,500. Hapo mteja anaona kipimo kimemwongezea gharama, na hajakosea.

Ila kwa sisi wa mwinuko hesabu ya kawaida siyo hiyo. Wengi wakipimwa hawakutwi na kitu. Huyo ametumia 1,500, akanunua parasetamo, akabaki na chenji ya kwenda kumwona daktari. Aliyekwepa kipimo ametumia 3,000 kwa ugonjwa asiokuwa nao, siku ya tatu homa ipo palepale, anarudi kununua antibayotiki ya kubahatisha, na wiki inayofuata anapanda daladala kwenda hospitali ya wilaya akiwa hoi. Huyo wa pili tunamwona sana. Anasema dawa za siku hizi feki.

Kwa mtoto mdogo hesabu ni ngumu zaidi, maana dozi yake ni vidonge vichache na bei yake ni ndogo, wakati kipimo ni bei ileile kwa mkubwa na mdogo. Ndiyo maana mama anakataa kumlipia mtoto kipimo kuliko anavyokataa kujilipia mwenyewe. Inasikitisha, kwa sababu nimonia ya mtoto haisubiri siku tatu za mseto.

Nimelipa, nimetobolewa kidole, nimeambiwa sina malaria. Nirudishiwe hela yangu?

Hapana. Na hili ndilo swali linaloleta maneno kuliko yote, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Kaka mmoja alikuja jioni na noti ya elfu tano, koti zito, skafu shingoni. Akapimwa. Dakika kumi na tano zilipoisha, mstari ulikuwa mmoja, wa pale kwenye herufi C, unaoonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi; malaria ingeleta miwili. Akaichukua kaseti, kile kibao cha kipimo, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akasema, "Dokta, kwa hiyo nimelipa nikaambiwe sina kitu?" Hakuwa na hasira. Aliona amenunua ugonjwa na hakupewa.

Alichonunua ni jibu. Kaseti ikishafunguliwa haiuziki tena, kisindano kimeshatumika, na muda wa mtoa dawa umekwenda. Wewe ukienda kupima shinikizo la damu ukakutwa uko sawa, huombi hela yako.

Lakini mteja huyo alikuwa na hoja ambayo wauzaji tunaikwepa. Alipoambiwa hana malaria, hakuambiwa ana nini. Aliachwa na homa yake na karatasi mkononi. Kama muuzaji anasema "huna malaria" halafu anageukia mteja mwingine, basi mtu ana haki ya kuona ameliwa. Baada ya jibu hilo lazima yafuate maswali: unakohoa, unapumua kwa shida, ukikojoa inachoma, unaharisha, kuna kidonda, umekunywa maziwa yasiyochemshwa, umelala nyumba yenye papasi (kupe wanaoambukiza homa)? Kisha dawa ya kushusha homa, na maelekezo ya kueleweka: usiku huu ukiona hiki nenda, vinginevyo kesho asubuhi zahanati. Dakika tano za namna hiyo ndizo zinazomfanya mteja aone 1,500 yake haikupotea.

Kwani kipimo si bure hospitali?

Kwenye vituo vya serikali kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto za serikali hutolewa bila malipo. Unachoweza kulipa pale ni mambo mengine, kama kumwona daktari au vipimo vingine. Kama zahanati iko karibu, iko wazi na vipimo vipo, nenda. Duka linapata wateja kwa sababu liko mtaani, linafungwa saa tatu usiku, na hakuna foleni ya kuanzia alfajiri. Mtu wa Ilula anayetakiwa kuacha nyanya shambani siku nzima anajua mwenyewe bure inamgharimu kiasi gani.

Kumbuka pia: vipimo na dawa vyenye nembo ya serikali haviuzwi. Ukiviona kwenye kabati la duka, hapo kuna tatizo.

Duka lolote la dawa linaruhusiwa kunipima?

Hapana. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yalianzishwa kuuza dawa za orodha maalumu. Kupima damu ni huduma nyingine, na nchini kuna bodi inayosimamia maabara binafsi. Duka linalopima liwe na ruhusa ya maandishi na mtoa dawa aliyefundishwa kazi hiyo. Omba kuonyeshwa, si utovu wa adabu. Duka lisilo na ruhusa likikwambia "nenda pale maabara upimwe, uje na cheti," limekutendea haki, hata kama limekuongezea mwendo.

Nina malaria ngapi?

Kipimo hiki hakihesabu. Zile "malaria mbili" na "malaria tano" zinatoka kwenye darubini, mtaalamu anapohesabu vimelea kwenye tone la damu. Kaseti inatafuta protini inayotolewa na kimelea: ipo au haipo. Mstari ukififia ni malaria, ukikolea ni malaria, dozi ni ileile. Wapo wateja wanaokata tamaa kwa kukosa namba, wanaona wamepewa kipimo cha hali ya chini. Kwa kuamua unywe mseto au usinywe, kinatosha.

Kipimo kimesema sina, ila mimi nataka mseto hivyohivyo. Si hela yangu?

Hela ni yako. Muuzaji mwenye msimamo atakataa na kukueleza sababu. Mwingine atakuuzia, maana anajua duka la jirani litakuuzia bila kukuuliza kitu. Ukitaka ukweli, kipimo kinachofanywa halafu jibu lake likatupwa ni hasara tupu, afadhali msingepima.

Dawa hii nayo si ya kuchezea. Mkoani Kagera wameshapatikana vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini, ambayo ni nusu ya mseto wetu.

Kipimo kinaweza kukosea?

Kinaweza, kwa njia mbili unazotakiwa kuzijua.

Kwanza, ukiwa umemaliza mseto wiki mbili zilizopita, protini ya kimelea inaweza kuwa bado iko kwenye damu ingawa vimelea vimekufa. Mistari miwili itatokea, na utarudia dozi bure. Mwambie mtoa dawa umemeza nini mwezi huu. Hapo darubini ndiyo inayofaa.

Pili, homa ikiwa changa sana vimelea vinaweza kuwa vichache kaseti isivione. Kama umetoka Kyela au Ifakara karibuni na homa inaendelea baada ya siku moja au mbili, rudia. Malaria huanza kujionyesha siku 7 hadi 14 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa iliyokukuta Mafinga inaweza kuwa imetoka bondeni.

Makosa mengine ni ya mikono yetu: damu nyingi mno, matone ya kimiminika yasiyohesabiwa, kusoma kabla ya dakika 15 kwa sababu mteja ana haraka, au kuiokota kaseti ya asubuhi jioni na kuona mstari uliojitokeza baadaye. Na mstari wa C usipoonekana, kipimo hicho ni kibovu, upimwe upya kwa kaseti nyingine bila kulipa tena. Hilo lidai.

Sisi wa Kyela na Usangu, malaria ipo kila kona. Kipimo kina faida gani huku?

Kyela iko kama mita 500 tu, joto na maji ya Ziwa Nyasa, na mashamba ya mpunga ya Mbarali, huko Usangu, yanatunza mbu vizuri, kama ilivyo Pawaga. Huko wengi zaidi watakutwa nayo, ni kweli, na mteja halalamiki sana kwamba amelipa bure. Hata hivyo homa za huko pia si zote malaria.

Kinyume chake, mtu wa mwinuko akishuka kwenda kununua mchele au kufanya kazi ya kuvuna, akarudi nayo, inampiga vibaya. Mwili wake haujaizoea. Watu wazima wa Mbeya mjini wanaweza kuzidiwa haraka kuliko mkulima wa Kyela wa rika lao. Kwa hiyo swali la kwanza kaunta liwe: ulilala wapi wiki tatu hizi?

Mgonjwa yuko nyumbani, amenituma. Nipeni dawa tu.

Hii ni nusu ya biashara yetu. Mtoto wa darasa la tano ana noti na kikaratasi, au bodaboda ana simu sikioni: "Shikamoo mama, dokta anasema mgonjwa aje." Upande wa pili mama anafoka. Kidole hakiwezi kutumwa. Kama mgonjwa anaweza kutembea, aje. Kama hawezi, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali, wala si ya kutuma mtu dukani.

Basi niuzie kipimo nikajipime mwenyewe.

Kutoboa si kazi, kazi iko kwenye kusoma, kutunza muda na kutupa sindano. Kisindano kilichofungwa kwenye gazeti na kutupwa jalalani kitamchoma mtoto wa jirani. Hatuuzi kwa kubeba.

Nimekutwa na malaria lakini nina hela ya nusu dozi.

Nusu dozi haipo. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea anameza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24, vinne vya pili vikifuata baada ya saa 8 tangu vinne vya kwanza, na ale kitu chenye mafuta kidogo au anywe maziwa. Kama hela imeishia kwenye kipimo, chukua jibu lako lililoandikwa uende nalo kituo cha serikali. Wapo wauzaji wanaokopesha jirani hadi mwisho wa mwezi. Mimi sioni ubaya, mradi aandike daftarini.

Wakati gani nisipoteze muda kwenye kipimo cha duka?

Degedege, kuzimia au kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, mtoto asiyenyonya, kushindwa kukaa, kupumua kwa shida, mkojo mweusi kama kahawa, macho ya njano. Hao wapelekwe hospitali moja kwa moja. Wajawazito na watoto wachanga vilevile waende kituoni hata kama homa ni ndogo.

(Swali la muuzaji) Nikipima nakosa kuuza mseto. Faida yangu iko wapi?

Tuseme ukweli ambao kwenye mafunzo hausemwi kwa sauti. Duka linaishi kwa dawa. Ukipima wateja kumi wa Mbeya mjini wenye homa, pengine tisa hawatanunua mseto. Kama umeuza kipimo kwa bei uliyonunulia ili kuvuta wateja, umejinyonga. Umetoa dakika ishirini, glovu, pamba, spiriti, nafasi kwenye sefti boksi (boksi la kutupia sindano), na umefukuza mauzo ya dozi tisa.

Hapo ndipo vishawishi vinapoingia. Kuna maduka yanayotangaza "kipimo bure ukinunua dawa." Linapendeza masikioni mwa mteja, lakini liangalie kwa ndani: muuzaji hapati kitu mpaka apatikane mgonjwa. Baada ya wiki mbili atakuwa anaona vimistari visivyokuwepo. Au hataona malaria, ila kila asiye na malaria atatoka na antibayotiki, kwa kuwa lazima kitu kiuzwe. Orodha ya duka la dawa muhimu inaruhusu antibayotiki chache, hiyo haina maana kila homa isiyo malaria ni ya kuzipewa. Tukiacha kumwaga mseto tukaanza kumwaga amoksilini, tumehamisha kosa kutoka rafu moja hadi nyingine.

Dawa ya hilo ni kipimo kiwe na faida yake chenyewe. Weka bei inayolipa gharama na muda wako, iandike ukutani kwa kalamu nene, na itaje kabla ya kugusa kidole cha mtu. Jibu likiwa lolote, wewe umeshalipwa kazi yako na huna sababu ya kuombea malaria. Bei ikipanda mno watu watakwepa kupima, hilo nalo ni kweli, kwa hiyo usiige bei ya maabara ya mjini. Anza chini, uone wanaorudi.

Faida nyingine haionekani siku hiyohiyo. Mama uliyemwambia "hana malaria, mpeleke, huyu anapumua haraka," akakuta ni nimonia, hatanunua hata panadoli kwa mtu mwingine mtaa mzima.

(Swali la muuzaji) Niko peke yangu dukani. Nikianza kupima, foleni inakimbia.

Inakimbia kweli, hasa jioni. Wanaofanikiwa wana benchi. Tobolea, weka kaseti mahali tambarare, andika jina na saa kwenye kaseti yenyewe, mgonjwa akae, wewe uza sabuni na dawa za kifua. Usitegemee kukumbuka, tumia kengele ya simu. Kaseti mbili zisizo na majina zikilala pamoja kaunta, majibu yote mawili yameharibika.

(Swali la muuzaji) Nataka kuanza kupima. Nianzie wapi?

Anza kwa mfamasia wa halmashauri yako na mratibu wa malaria wa wilaya, uulize ruhusa na mafunzo kabla hujanunua hata boksi moja. Vipimo viwe vilivyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ofisi yao ya kanda iko Mbeya, kwa hiyo huna haja ya kuuliza mitaani. Angalia tarehe ya mwisho na kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi. Baridi ya Makete haina neno kubwa, ila boksi lililokaa juu ya boneti ya basi kutoka Dar es Salaam ni jambo jingine. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa mbele yako. Na kabla ya siku ya kwanza, kubaliana na kituo cha afya kilicho jirani kuhusu nani atapokea sefti boksi ikijaa, siku gani, na kwa gharama ya nani.